Chunguza Njia ya Machozi Kabla ya Upasuaji wa Jicho

Mama mkwe ana mtoto wa jicho. Nauli imepatikana, siku ya upasuaji imepangwa, na nyumba nzima inamwombea. Lakini je, jicho lake hutoa machozi hata asipolia? Asubuhi huamka na usaha kwenye kona? Usimfute kwa kitambaa kisha ukanyamaza. Mwambie daktari.

Machozi hupita katika vitundu viwili vidogo kwenye kona ya jicho iliyo karibu na pua. Huingia katika kifuko cha machozi, kisha huteremka kwa mfereji mwembamba hadi puani. Ndiyo maana mtu akilia hupenga kamasi. Mfereji huo ukiziba, machozi hutuama kifukoni kama maji ya dimbwi, na vijidudu huzaliana humo. Tatizo hili huwapata zaidi wanawake, hasa wenye umri mkubwa.

Hatari ni hii: ili kuondoa mtoto wa jicho, daktari hulifungua jicho. Vijidudu vya kifukoni vikipenya ndani, vyaweza kuliharibu kwa siku chache tu. Mgonjwa aliyekwenda kutafuta nuru atarudi na giza.

Uchunguzi wenyewe ni mwepesi. Daktari hubonyeza taratibu kando ya pua. Usaha ukitoka katika vitundu, kifuko kinaumwa. Pengine huingiza maji safi ya chumvi kwa bomba lenye ncha butu. Njia ikiwa wazi, mgonjwa huonja chumvi kooni. Ikiwa imeziba, maji hurudi nje.

Kifuko chenye usaha hutibiwa kwanza. Dawa ya matone hutuliza, lakini haizibui mfereji. Mara nyingi hufanywa upasuaji wa kukifungulia kifuko njia mpya ya kuingia puani, ambao daktari Mwitaliano, Addeo Toti, aliueleza mwaka 1904. Wagonjwa wengine huondolewa kifuko chenyewe. Akishapona, ndipo mtoto wa jicho hutolewa.

Kwa hiyo, dada mpendwa, siku ikiahirishwa usinung'unikie nauli. Wala usimtie mzee dawa za majani ili jicho likauke upesi. Wazee wengi huona haya kutaja usaha, hivyo wewe unayemfulia leso ndiwe utakayemsemea. Amri ya kuwaheshimu wazazi hutimizwa pia mbele ya meza ya daktari.