Mafiga Matatu ya Ufundi

Figa moja haliinjiki chungu. Maneno haya ya wazee yafaa kukumbukwa kila watu wanapozungumza juu ya kuwafundisha vijana kazi za ufundi.

Nchini Kenya kazi hiyo imegawanywa mahali patatu. Figa la kwanza ni kaunti, kwani Katiba ya mwaka 2010 ilizipa kaunti 47 madaraka juu ya vyuo vya ufundi vya vijijini. La pili ni waajiri. Wao hutozwa ada ya shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mtu waliyemwajiri, ili fedha hizo zisaidie mafunzo ya wafanya kazi. La tatu ni Serikali ya nchi nzima. Kwa sheria ya mwaka 2013 viliwekwa vyombo vya kukagua vyuo na kutunga mitaala na mitihani.

Lakini mafiga yakitengana, chungu huanguka. Chuo cha kijijini chaweza kuendelea kufundisha useremala na ushonaji kwa kuwa tu vyombo vyake vipo, hali wakulima wa jirani hawana mtu wa kutengeneza pampu ya maji wala mtambo wa kupozea maziwa. Mzazi huuza ng'ombe apate karo. Mtoto hurudi na cheti, akakaa bure. Wakati huo huo kiwanda kilicho karibu hutafuta fundi kutoka mbali.

Dawa yake ni habari kupanda na kushuka. Katika kila kata sharti kazi zihesabiwe: mashine ni ngapi, na ni nani azitengenezaye? Waajiri waeleze mapema mitambo watakayoleta. Serikali ipatanishe hesabu hizo, igawe walimu na vifaa, na kuhakikisha kuwa cheti cha Kitui chakubaliwa Mombasa. Hapo karani anayeandika hesabu ana kazi kubwa, maana tarakimu ya uongo huweza kupoteza miaka ya kijana.

Tena yote hayo yataka wakati. Mkulima hutafuta mbegu kabla ya mvua kunyesha, na fundi naye hapatikani kwa siku moja. Kwa hiyo mzazi mwenye busara, kabla ya kulipa karo, na aulize chuoni: waliomaliza mwaka uliopita wanafanya kazi wapi? Chuo kisichoweza kujibu hakijakaa juu ya mafiga matatu.