Nyumba Huliwa Kuanzia Chini: Tujiandae Kabla ya Mvua



Kila mwaka, kati ya Januari na Machi, ofisi ya miradi hupokea maombi ya bati kutoka sharika na mitaa. Nyumba ya mjane imeanguka, nyumba ya mwinjilisti imepata ufa, au darasa la chekechea limeinama upande mmoja. Tunapofika kuangalia, mara nyingi tunakuta bati ni nzima. Kilichoanguka ni ukuta, na ukuta huo umeanza kuharibikia chini, karibu na ardhi. Katika makala haya tunapenda kueleza kwa nini inakuwa hivyo, tukichukua mfano wa Sitalike, na nini kifanyike mapema.

Hali ya Sitalike

Mkoa wa Katavi una msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba na kuishia Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu. Nyumba hukaa nusu mwaka bila kuguswa na tone, kisha hupigwa na mvua kwa miezi karibu sita mfululizo. Tofali mbichi, yaani zisizochomwa, hazipati nafasi ya kukauka kati ya mvua moja na nyingine.

Sitalike yenyewe ipo kando ya Mto Katuma, penye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Ifikapo Oktoba mto hupungua mpaka viboko wanasongamana kwenye madimbwi machache, na mgeni anaweza kudhani kiwanja cha karibu na mto ni salama. Masika yakikolea, maji hurudi kwenye njia yake. Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Kamati isikubali kiwanja cha namna hiyo hata kama kimetolewa bure.

Maji yanavyoingia ukutani

Kwanza, maji ya paa. Mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Nyumba yenye paa la mita za mraba 50, ikipigwa na mvua ya milimita 40, humwaga lita 2,000. Kama paa lina migongo miwili, kila upande unapata lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Maji hayo huanguka karibu na ukuta, huchimba ardhi na kurusha tope kwenye tofali za chini.

Pili, maji ya ardhini. Udongo hunyonya maji kutoka chini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Ukiona mstari wa unyevu au chumvi nyeupe kwenye sehemu ya chini ya ukuta, ujue maji yanapanda. Mchwa nao hupenda mahali penye unyevu.

Tatu, uwanja wenyewe. Kufagia kila siku ni usafi mzuri, lakini kila mwaka ufagio huondoa udongo kidogo na msingi hubaki wazi. Aidha, wengi huacha shimo la kufyatulia matofali hatua chache tu kutoka kwenye nyumba. Mvua inapolijaza, shimo hilo hulainisha ardhi inayobeba msingi, na pia huzalisha mbu.

Saruji peke yake haitoshi

Wengine hupiga lipu ya saruji juu ya tofali mbichi wakidhani wamemaliza. Lipu hiyo ni ngumu kuliko ukuta, hivyo hupasuka. Maji huingia kwenye nyufa na kushindwa kutoka, na ukuta huoza ndani huku nje ukionekana mzuri. Kwa tofali mbichi ni afadhali lipu ya udongo, inayorudiwa kila kiangazi, pamoja na upenu mrefu.

Kazi za kufanya

Rafiki zetu wa nchi za baridi wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Kwao maji yakiganda ndani ya bomba hutanuka kwa karibu asilimia 9, bomba hupasuka, na barafu ikiyeyuka nyumba hujaa maji. Kwa hiyo hufunika mabomba yao kabla baridi haijafika. Kwetu bomba haligandi, ila kanuni ni hiyo hiyo: kazi hufanyika kabla ya msimu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa nyumba iliyopo:
1. Rudishieni udongo kuzunguka msingi, mshindilie, na mhakikishe ardhi inateremka kutoka ukutani, angalau sentimita 5 kwa kila mita.
2. Chimbeni mfereji chini ya mchirizi wa paa, utoe maji mbali na nyumba. Ulazeni mawe ili usichimbike.
3. Fukieni mashimo ya matofali yaliyo karibu. Migomba na bustani za kumwagilia zikae mbali na ukuta.
4. Kagueni misumari ya bati. Inapaswa kupita juu ya mgongo wa bati, si bondeni.

Kwa nyumba mpya:
1. Msingi wa mawe uinuke sentimita 30 hadi 45 juu ya ardhi.
2. Nailoni nzito itandikwe juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza, ili kuzuia maji yasipande.
3. Upenu utoke angalau sentimita 60 nje ya ukuta.
4. Fedha ikiruhusu, wekeni gata na tangi. Paa tulilolitaja hapo juu, kwa mwaka wenye mvua ya milimita 900, hupokea lita 45,000.

Jambo moja lisisubiri kikao. Ukuta ukitokeza tumbo, ukiinama, au ufa ukiendelea kupanuka, vitanda viondolewe upande huo siku hiyo hiyo, na ikibidi familia ilale kwa jirani. Ukuta uliolowa unaweza kuanguka hata baada ya mvua kukatika, watu wakiwa usingizini.

Ombi letu

Kwa kamati: ifikapo mwisho wa Agosti kila mtaa uwe umeorodhesha nyumba za wajane, wazee na watumishi zinazohitaji mfereji au udongo. Kazi ifanyike Septemba na Oktoba. Sehemu kubwa inahitaji jembe, mawe na nguvu za watu, ambavyo tunavyo.

Kwa wafadhili: tunashukuru kwa kila bati. Bati jipya hung'aa kwenye picha, wakati msingi na mfereji havionekani. Hata hivyo, bati lililowekwa juu ya ukuta unaolowa ni fedha iliyo hatarini. Tunaomba mchango wa nyumba yoyote uanze na mawe, saruji na nailoni ya msingi, hata kama kwa fedha ile ile itabidi tujenge nyumba chache zaidi kwa mwaka. Ni bora nyumba tatu zitakazosimama kuliko tano tutakazoombwa kuzijenga tena.