Chakula cha Usiku Kinachosubiri Watu

Ukoo wetu ukipanga nyumba ya likizo ufukweni, ugomvi huanza kwenye kundi la WhatsApp kabla hata tiketi za boti hazijakatwa. Kaka anataka biriani. Wifi anasema likizo bila chapati si likizo. Watoto wanataka chipsi mchana na usiku. Mimi, ambaye hukabidhiwa mwiko bila kupigiwa kura, huwauliza jambo moja tu: chakula hicho kikikaa juu ya jiko saa nzima bila moto, kitalika?

Nauliza hivyo kwa sababu nawajua. Kwenye nyumba ya likizo watu hawafiki mezani kwa pamoja. Mmoja yuko bafuni, wawili wamekwenda dukani kununua vocha, vijana bado wamo majini, mtoto kalala na mama yake hataki kumwacha. Chapati, chipsi, ugali na samaki wa kukaanga vinamtaka mlaji awe amekaa anasubiri, na vinamtaka mpishi asimame kwenye kikaango mpaka mtu wa mwisho ashibe. Biriani nalo linavumilia, ila linakula siku nzima na masufuria ambayo hamna. Mchuzi, pilau, urojo na vitu vya nazi vinasubiri vyenyewe. Mpishi anafunika sufuria, anaoga, anakuja kukaa na wenzake.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Dar es Salaam, na nyumba tunazopanga mara nyingi ziko Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Vipimo nitakavyovitaja hapa ni vya watu kumi na wawili, watoto wakiwemo.

Jiko kwanza, menyu baadaye

Picha za matangazo huonyesha kitanda chenye chandarua na bembea chini ya mnazi. Jiko halionekani. Kabla ya kulipa, mwombe mwenye nyumba akupigie picha tatu: jiko lenyewe, kabati la vyombo likiwa wazi, na friji ikiwa wazi. Mara nyingi utakuta plati mbili za gesi, sufuria ndogo zisizo na mifuniko, visu visivyokata nyanya, na sahani nane kwa nyumba inayosemekana kulaza watu kumi na wawili.

Kwa hiyo mimi husafiri na sufuria moja kubwa yenye mfuniko wake, kisu changu, mwiko, upawa na chujio. Ndani ya sufuria napanga hivyo vitu vingine, nafunga na kanga, mzigo umekwisha. Mbuzi ya kukunia nazi siibebi, maana blenda ikiwepo inatosha: nazi inakatwa vipande, inasagwa na maji ya uvuguvugu, inachujwa.

Ukifika, mambo mawili yaangalie kabla hujawasha moto. La kwanza ni mtungi wa gesi. Mwagia maji ya moto kiasi ubavuni, kutoka juu hadi chini, subiri kidogo, kisha pitisha kiganja. Palipo na gesi patabaki pa baridi, palipo patupu patakuwa na joto. Mkono ukikuta baridi chini kabisa tu, agiza mtungi mwingine kabla giza halijaingia.

La pili ni maji. Mabomba ya nyumba nyingi za upande ule hutoa maji yenye chumvichumvi. Ya kuoshea vyombo ni sawa, lakini ukiyapikia wali na kutia chumvi kama ulivyozoea nyumbani, hautalika. Yaonje kwanza. Mimi hununua madumu ya maji ya kunywa na kuyatumia pia kwa wali na urojo.

Usiku wa kufika: kima na boflo

Boti kutoka Dar huchukua kama saa mbili. Soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904, liko mwendo mfupi kutoka bandarini, na hapo ndipo ninapomaliza ununuzi mkubwa: viungo, vitunguu, viazi, nazi, ndimu na nyama. Jambiani iko zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini, na maduka ya kijijini yana vitu vya kila siku lakini si lazima yawe na kilo mbili za nyama siku unayoitaka.

Usiku huo kila mtu amechoka, kwa hiyo napika kima. Kilo mbili za nyama ya kusaga, kilo mbili za viazi vilivyokatwa vidogo, njegere, nyanya, vitunguu saumu na tangawizi, bizari ya mchuzi, ndimu mwishoni. Nyama ya kusaga haihitaji kuchemshwa kwanza, hivyo ndani ya saa moja kila kitu kimeiva. Boflo tumeshazinunua njiani. Kachumbari wanakata vijana. Anayechelewa anakuta mchuzi umetulia na viazi vimeunyonya, na huyo ndiye mwenye bahati.

Urojo: kila mtu na bakuli lake

Kama kuna chakula kilichobuniwa kwa ajili ya kundi lisilokubaliana, ni urojo wa Zanzibar. Mpishi anapika rojo peke yake, mengine yanapangwa mezani, na kila mtu anajitilia. Asiyekula nyama anaacha mishkaki. Mtoto asiyetaka pilipili anaipita. Anayependa ukali anakamua ndimu mpaka aridhike.

Rojo la watu kumi na wawili ni hivi. Koroga vikombe viwili vya unga wa ngano kwenye maji ya baridi mpaka pasiwe na madonge. Chemsha lita nne za maji pamoja na maembe mabichi matatu yaliyomenywa na kukatwa, chumvi, na kijiko kimoja cha manjano. Maembe yakilainika yaponde humo humo, kisha mimina unga kidogo kidogo huku unakoroga. Acha lichemke kwa moto mdogo robo saa au zaidi, mpaka harufu ya unga mbichi iishe na rojo liwe na uzito wa uji mwepesi wa mgonjwa. Ongeza ndimu, onja. Kama si msimu wa maembe, ukwaju utafanya kazi hiyo ya uchachu.

Vya kutilia humo ni viazi vya kuchemsha, mayai, bajia, kachori, mishkaki, chipsi kavu za muhogo, chatne ya nazi na pilipili ya kusaga. Usijitie ushujaa wa kuvipika vyote. Bajia na kachori wapo akina mama kijijini wanaokaanga jioni, na ukiwaambia asubuhi kwamba unataka za watu kumi na wawili watakuandalia. Chapati za wifi pia nilizipatia ufumbuzi huo huo: zinaagizwa kwa jirani, zinafika zimefunikwa kwenye hotipoti, na wifi anazila akiwa amekaa.

Pweza hupangwa na mwezi

Pweza huliwa bahari ikiruhusu, si siku mliyoipanga nyinyi. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa mbali sana na mwamba hubaki wazi. Hapo wanawake wa vijiji vya pwani huenda kuchokoa pweza kwenye mashimo kwa fimbo au chuma chembamba. Siku za maji mafu mwamba haufunuki vizuri, na pweza huadimika. Vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba hufunga pia sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kwa kuwa ni kiumbe anayekua upesi. Kwa hiyo kabla ya kusafiri natazama mwezi, kisha napanga usiku wa pweza.

Bi mkubwa mmoja niliyemkuta akirudi na ndoo yake alinifundisha somo lote kwa maneno machache.

"Shikamoo mama. Huyu nimpike muda gani?"

"Marahaba mwanangu. Muda utauona kwa kisu. Ila usimtie maji, anayo yake. Na chumvi mwache, katoka nayo huko."

Ndivyo ilivyo. Nunua kilo nne, kwa sababu pweza akiiva hunywea akabaki karibu nusu. Geuza kichwa nje ndani, toa matumbo, kata macho na mdomo ule mgumu uliofichwa katikati ya mikono. Msugue kwa chumvi mpaka ute uishe, suuza vizuri. Muweke kwenye sufuria kavu, funika, moto mdogo. Baada ya dakika chache atakuwa anaogelea kwenye maji yake ya zambarau. Acha achemke dakika 45 hadi saa nzima, kisha choma kisu pale mkono unapoungana na kichwa, ambapo ndipo panene. Kikiingia bila ubishi, ameiva. Ukiwa na friji nzuri, mgandishe usiku kucha kabla ya kumpika. Barafu hupasua nyuzi za nyama na kumlainisha, na hutakuwa na haja ya kumpigapiga kwenye jiwe.

Mkate vipande. Kaanga vitunguu, saumu, nyanya na bizari mpaka nyanya zikauke, tia pweza, mimina tui jepesi la nazi mbili au tatu lichemke, halafu tui zito. Hapo usiondoke: koroga taratibu mpaka lianze kutokota, epua, tia ndimu. Tui zito likiachwa lichemke kwa fujo hukatika, mafuta kule na maji huku. Ukishaepua, funika na utulie. Wali mweupe wa kilo moja na nusu ya mchele unatosha, wala hauhitaji nazi, kwani mchuzi unayo tele.

Mishkaki: pale ambapo kusubiri ni raha

Nina chakula kimoja kinachovunja kanuni yangu. Mishkaki hailiki ikipoa, lakini jiko la mkaa likiwa uani, watu wote huhamia pale. Mpishi hajatengwa, amezungukwa. Kilo tatu za steki, saumu, tangawizi, ndimu, chumvi, na kijiko kimoja au viwili vya papai bichi lililokwanguliwa. Papai hulainisha nyama upesi, kwa hiyo litie saa moja au mbili kabla ya kuchoma. Ukiliacha usiku kucha, nyama inageuka ujiuji na haishiki kwenye kijiti. Vijiti viloweke ili visiungue.

Neno moja la kutiliwa mkazo: mvua ikinyesha, msiliingize jiko la mkaa ndani, wala msiliache barazani karibu na madirisha ya vyumba mkalala. Mkaa unaofifia hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na inaua watu usingizini.

Vya kuhifadhi na vya kumwaga

Umeme ukikatika, friji ndogo haina msaada mkubwa. Samaki wanunuliwe siku ya kuliwa, wawekwe kwenye barafu tangu ufukweni. Jodari na nguru ndio wa kuangaliwa zaidi: wakikaa kwenye joto hujenga sumu ambayo moto hauiondoi, na dalili zake ni uso kuwa mwekundu, kichwa kuuma na mwili kuwasha muda mfupi baada ya kula. Tazama macho yawe angavu, mashavu yawe mekundu, na mnofu urudi ukiubonyeza.

Wali nao una hila. Uliolala mezani unaweza kuharibu tumbo hata ukipashwa moto mpaka utoe mvuke. Utandaze kwenye sinia upoe haraka, uingie kwenye friji, uliwe kesho yake. Wa nazi mmalize usiku huo huo, maana huchacha upesi.

Usiku wa mwisho, na hesabu

Jioni ya mwisho sinunui kitu. Viazi, mihogo na ndizi zilizobaki vinaingia sufuria moja na tui, na hiyo futari inaliwa na samaki yeyote aliyepatikana. Mtunza nyumba naye hupelekewa sahani yake mapema, chakula kikiwa cha moto, asije akaona anagawiwa makombo.

Kazi zigawanywe tangu siku ya kwanza: aliyepika haoshi vyombo, na asiyejua kupika anamenya saumu. Michango ashike mtu asiyepika, na mfuko wa soko utenganishwe na wa vinywaji, kwa sababu soda ndizo zinazomaliza pesa na mchele ndio unaolaumiwa. Hesabu isomwe mezani usiku huo, risiti zikiwepo, chenji igawanywe hapo hapo. Mkishapanda boti na hesabu mkononi mwa mtu mmoja, itajadiliwa mpaka Idi.