Barua Isiyofika: Maelezo Juu ya Seva ya Barua Pepe na Jinsi ya Kutafuta Kasoro Yake

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi barua pepe inavyopokewa na seva inayoendeshwa na wenyewe, na jinsi ya kuitafuta kasoro pindi barua zinapoacha kuingia. Jambo hili hudhaniwa kuwa la mafundi peke yao. Hata hivyo, msomaji wa Kiswahili anao tayari msamiati wa kulielewa, kwa kuwa sehemu kubwa ya utaratibu wake inafanana na ule wa posta.

Makwasinyi ni kijiji kilichoko chini ya Mlima Kasigau, kusini ya mji wa Voi. Kama ilivyo katika vijiji vingi vya Kenya, tarishi hapiti nyumba kwa nyumba. Barua huandikwa jina la mpokeaji, namba ya sanduku la posta, ambalo aghalabu ni la shule au kanisa, kisha Voi, 80300. Barua inapochelewa, mtu mwenye busara haanzi kwa kuilaumu posta nzima. Huuliza kituo baada ya kituo: Je, anwani iliandikwa sawasawa? Barua ilifika Voi? Iliingia sandukuni? Ni nani aliyelifungua sanduku, naye alimkabidhi nani? Aulizaye njia hapotei. Na barua pepe haidai zaidi ya hayo.

Ichukuliwe kwa mfano kamati ya basari katika kijiji kama hicho, iliyoamua kuweka seva yake yenyewe ili habari za watoto na hali za wazazi wao zisikae katika mitambo ya watu wa mbali. Kamati yaweza kutuma barua bila taabu, ila haziingii zozote, na siku ya mwisho ya maombi inakaribia. Mtoto ambaye barua yake haikuonekana atahesabiwa kuwa hakuomba. Kosa la kwanza hapa ni kufikiri kwamba, maadamu barua zinatoka, seva ni nzima. Kutuma na kupokea ni kazi mbili mbali mbali, na kila moja ina njia yake.

Kila seva huandika daftari la yale yaliyoipata. Kabla ya kugusa kitu chochote, yafaa mtu aliye nje ya kijiji atume barua moja ya majaribio, kisha daftari litazamwe. Ikiwa hapana alama yoyote ya mgeni aliyebisha hodi, kasoro iko njiani. Ikiwa alama ipo, basi mgeni alifika, na kasoro imo ndani. Swali hili moja hupunguza nusu ya kazi.

Kasoro za njiani ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya jina. Seva ya mtumaji huliangalia jina la kikoa, yaani lile linalofuata alama ya @, kisha huuliza mfumo wa majina ya intaneti, ambao Paul Mockapetris aliueleza mwaka 1983. Jibu linalotakiwa ni rekodi ya MX, inayotaja jina la mashine ipokeayo barua za kikoa hicho. Rekodi hiyo hapana budi itaje jina, wala si tarakimu. Na jina lililotajwa nalo liwe na anwani yake ya tarakimu iliyo sahihi. Isitoshe, jina la kikoa hulipiwa ada kila baada ya muda. Ada ikisahauliwa, nyumba ipo lakini kibao chake kimeondolewa. Tena, majibu ya zamani huhifadhiwa kwa muda uliowekwa, mathalan sekunde 86,400, ambazo ni siku nzima. Kwa hiyo anayesahihisha rekodi asubuhi asistaajabu akiona kosa lile lile jioni.

Namna ya pili ni ya mlango. Mfasiri asiyeangalia aweza kuandika hapa "bandari", kwa kufuata neno la Kiingereza. Lakini kinachokusudiwa ni mlango wenye namba. Seva huletewa barua na seva nyingine kwa mlango namba 25. Mlango namba 587 ni wa wenyeji kutumia barua zao. Kuwa wazi kwake hakuthibitishi lolote juu ya ule wa 25. Baadhi ya kampuni zinazouza huduma ya intaneti huufunga mlango wa 25. Nyingine huwagawia wateja wengi anwani moja ya nje, hata mgeni asiweze kumfikia mmoja wao. Jaribio lifanywe kutoka nje, kwani aliye sebuleni huona mlango u wazi, kumbe lango la barabarani limefungwa.

Mgeni akishafika, seva mbili huzungumza kwa utaratibu ulioandikwa na Jon Postel mwaka 1982. Kila jibu lina tarakimu tatu, nazo zafaa kusomwa kwa makini. Linaloanza kwa 2 ni kukubali. Linaloanza kwa 4 lina maana ya "rudi baadaye": huenda diski imejaa, au mgeni anajaribiwa uvumilivu. Linaloanza kwa 5 ni kukataa kabisa. Mathalan, seva isiyoambiwa kuwa kikoa fulani ni chake huweza kumfukuza kwa 554 mgeni aliyeleta barua za wenyeji wenyewe. Na kama barua ilipokewa kwa 250 lakini haionekani, itafutwe katika folda ya barua taka kabla ya kumshuku mtumaji.

Tofauti ya 4 na 5 ndiyo inayoamua hatima ya mwombaji basari. Seva ya mtumaji ikikuta mlango umefungwa, au ikipewa jibu la 4, kwa kawaida huiweka barua katika foleni na kujaribu tena na tena, aghalabu kwa siku nne au tano. Ikipewa jibu la 5, huirudisha barua mara moja. Kwa hiyo umeme kukatika siku mbili kwa kawaida hakupotezi barua. Seva iliyo macho lakini inajibu vibaya huweza kuzikataa zote kwa saa moja. Anayeitengeneza na aiagize kwanza igeuze kila 5 kuwa 4, au auzime mlango kabisa, kisha ndipo atafute kosa kwa utulivu. Barua iliyo katika foleni bado iko njiani. Iliyokataliwa imekwisha geuza safari.