Siku Iliyovunjwa Ilipwe



Tukiona picha za wanamitindo katika matangazo ya nguo, hudhani kuwa watu hao hawana taabu. Lakini nao ni wafanyakazi, na taabu yao moja ni ile ya kibarua anayefika shambani alfajiri akaambiwa, "Leo hakuna kazi."

Mwanamitindo wa New York au London kwa kawaida hana mshahara wa mwezi. Hulipwa kwa kazi aliyoifanya, na wakala hukata fungu lake. Mteja huomba kwanza ashikiwe siku fulani. Kushikiwa siku si kuajiri. Mteja halipi kitu mpaka athibitishe. Wateja wengine wanaoitaka siku hiyo hupangwa nyuma yake. Basi yule wa kwanza akighairi jioni, wengine wamekwisha kutafuta mtu mwingine, na siku imepotea.

Ni kweli kwamba uaminifu ni wa pande mbili. Mwanamitindo asipotokea, mpiga picha na msusi nao hupoteza siku yao. Anayeugua atoe habari mapema. Lakini asiyetokea haitwi tena, ambapo mteja anayeghairi hapotezi kitu kama mkataba haukumbana.

Nchi nyingine zimechukua hatua. Ufaransa, kwa sheria ya Desemba 1969, humhesabu mwanamitindo kuwa mwajiriwa wa yule anayemlipa. Katika mji wa New York, tangu Mei 2017, kazi ya kujitegemea ya dola 800 au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi. Na tangu Juni 2025, sheria ya jimbo hilo inamtaka wakala ampe mwanamitindo mkataba wake angalau saa 24 kabla ya kazi, wala asikate zaidi ya asilimia 20.

Hata hivyo karatasi peke yake haitoshi. Lazima iseme: kazi ikivunjwa, nani atalipa, kiasi gani, na taarifa itolewe saa ngapi kabla.

Sisi wa viwandani na mashambani tuyaulize maswali hayo hayo, hasa kwa ajili ya vibarua wenzetu. Mkataba ujao ukijadiliwa, tudai kifungu cha siku iliyovunjwa. Mfanyakazi aliyeitwa, akaja, akarudishwa, ametoa siku yake; na siku hiyo haimrudii.