Mwangwi Unaoongoza Sindano

Uvimbe katika titi si lazima uwe saratani. Aghalabu hauna madhara. Lakini mkono hauwezi kuutambua kwa hakika, wala picha peke yake haitoshi. Ushahidi hutolewa na hadubini, ichunguzapo chembe hai zilizotolewa ndani ya uvimbe wenyewe. Sindano ikikosea na kuchukua nyama ya kando, jibu laweza kuwa “hakuna saratani”, ilhali ipo.

Mashine ya altrasaundi huondoa ubahatishaji huo. Hutuma mwilini mawimbi ya sauti yasiyosikika, yaendayo mita 1,540 hivi kwa sekunde. Yakifika penye mpaka wa nyama za aina mbili, baadhi hurudi kama mwangwi. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu 26 za milioni za sekunde, sauti imekwenda na kurudi jumla ya sentimita 4. Basi mpaka huo upo kina cha sentimita 2. Daktari hutia ganzi, kisha huitazama sindano katika kioo cha mashine mpaka ifike uvimbeni, na kukata vipande vyembamba. Vidoa vya chokaa visivyoonekana kwa altrasaundi hutafutwa kwa eksirei zilizopigwa kutoka pembe mbili.

Kwa miaka mingi tiba ya mionzi nchini Tanzania ilipatikana Ocean Road, Dar es Salaam, pekee, zaidi ya kilomita 400 kutoka Dodoma. Kwa mwanamke wa Kondoa au Mpwapwa, jibu la uongo lilimrudisha nyumbani, na saratani ikaendelea kukua. Sindano iliyolenga sawasawa huokoa wakati, na wakati ndio tiba ya kwanza.