Bei ya Mnada na Ujira wa Hamali

Mnunuzi wa samaki katika diko la Malindi huijua gharama yake yote kabla ya kutia mkono mfukoni. Dalali humwaga samaki chini mbele ya macho yake, hutaja bei, naye ama huongeza ama hunyamaza. Akishinda, humwita hamali, wakapatana ujira, mzigo ukaondoka. Hapana awezaye kumwambia, baada ya mnada kufungwa, kwamba ujira wa kuubeba mzigo ni mara tano ya bei ya samaki wenyewe, kwani hamali wa pili yupo pale pale, amesimama akisikiliza.

Katika minada ya intaneti hamali huyo wa pili hayupo, na hapo ndipo penye chanzo cha malalamiko ambayo leo tunapenda kuyafikisha mbele ya wananchi wenzetu na wakuu wanaohusika.

Watu wa visiwa hivi wanaonunua vitu ng'ambo kwa njia ya minada hiyo si matajiri wanaotafuta anasa. Aghalabu ni fundi anayetaka kipuri cha cherehani cha zamani ambacho hakipatikani tena madukani, au mwanafunzi aliyekitafuta kitabu kilichokwisha kuchapwa miaka mingi iliyopita. Wengine huvitafuta vitu vya kwetu wenyewe: stempu za Zanzibar zilizotumika tangu 1895 hadi mwishoni mwa 1967, au kadi za posta zilizotokana na picha za A. C. Gomes, mpiga picha aliyekuwa na studio yake hapa mjini. Yatia uchungu kidogo kwamba picha iliyopigwa hapa na kuuzwa hapa sasa yatulazimu kuinunua Ulaya, kisha tulipe posta ya kuirudisha kwao.

Nasi yametufika. Tulishinda mnada wa kadi tatu za namna hiyo kutoka kwa muuzaji mmoja wa Ulaya. Katika tangazo lake alikuwa ametaja gharama ya posta ya nchini mwake tu. Mnada ulipofungwa alituletea hesabu: posta ya kadi ya kwanza, posta ya kadi ya pili, posta ya kadi ya tatu, na juu yake nyongeza aliyoiita ya kisiwa. Tulimwandikia kwa adabu kwamba kadi tatu ndani ya bahasha moja ni barua moja. Akajibu kwamba hiyo ndiyo desturi yake na mnada umekwisha. Tulilipa, kwani kadi tulizitaka. Bahasha ilipowasili zilikuwamo kadi zote tatu, na stempu zilizobandikwa juu yake hazikufika robo ya fedha tulizotozwa.

Hatusemi kwamba kila posta iliyo ghali ni wizi. Muuzaji hununua boksi na gundi, hutumia muda wake kufungasha, hutembea hadi posta na kupanga foleni. Haki yake hiyo hatuipingi. Lakini iko hila ya zamani inayojulikana vyema kwa wanaoifuatilia biashara hii. Mnada wa eBay, ulioanzishwa huko Marekani mwaka 1995, ulikuwa ukikata ada yake katika bei ya kitu peke yake, si katika posta. Basi wauzaji wajanja wakawa wanaweka bei ya senti chache na posta ya dola nyingi, faida yao ikajificha ndani ya posta na ada ikawapita kando. Mwaka 2007 wanunuzi walipewa nafasi ya kumpa muuzaji alama kwa ajili ya gharama zake za posta, na mwaka 2011, huko Marekani, ada ikaanza kukatwa katika jumla yote, posta ikiwamo. Hila ilipungua nguvu, lakini mazoea hayafi kwa siku moja.

Hiyo nyongeza ya kisiwa yataka maelezo zaidi, kwani ndiyo inayotugusa sisi kuliko watu wa bara.

Umoja wa Posta Duniani ulipoasisiwa mjini Berne mwaka 1874, nchi wanachama zilikubaliana kuhesabiwa kuwa eneo moja tu la posta, ili barua ivuke mipaka bila ya kila nchi kuweka masharti yake peke yake. Katika nchi yetu, posta ni jambo la Muungano tangu Hati ya Muungano ya 1964. Kwa hiyo, muuzaji anayepeleka kifurushi kwa posta ya kawaida anakipeleka Tanzania, na bei anayotozwa dirishani kwake ni ya Tanzania, kiwe kinakuja Mkunazini au kinakwenda Mwanza. Anayetudai zaidi kwa sababu tumezungukwa na bahari, huku akituma kwa posta, hana msingi. Mara nyingine si ubaya bali ni kutojua: hutafuta jina la Zanzibar katika orodha ya nchi, asilione, akakisia bei au akakataa kabisa kuuza. Mnunuzi mwenye busara humwandikia mapema kwamba katika orodha hiyo achague Tanzania, na jina la Zanzibar alitaje katika anwani.

Mambo ni mengine kwa kampuni binafsi za usafirishaji. Hizo hazifungwi na mkataba wa posta, na zina haki ya kutoza zaidi kwa mahali zinapopaona ni mbali. Tena nyingi kati yao hazipimi uzito wa mzani peke yake. Huzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, zikagawa kwa 5,000, na jibu likizidi kilo za mzani ndilo linalotozwa. Boksi la sentimita 50 kwa 40 kwa 30 huhesabiwa kuwa kilo 12, hata kama ndani yake mna kivuli cha taa chenye uzito wa kilo mbili. Mnunuzi asiyeijua hesabu hiyo huona ameibiwa, kumbe amelipia hewa iliyo ndani ya boksi.

Wasomaji watauliza: mbona vitu vya China vilikuwa vikija bila posta yoyote, na kitabu kutoka London kikagharimu posta kuliko bei yake? Sababu mojawapo ilikuwa ni viwango ambavyo posta ya nchi moja huilipa posta ya nchi nyingine kwa kazi ya kugawa mizigo iliyopokewa. Viwango hivyo viliipendelea China, ikiwa imewekwa katika kundi la nchi zinazoendelea. Marekani ilitishia kujitoa katika Umoja wa Posta kwa sababu hiyo, na mkutano maalumu wa Geneva wa Septemba 2019 ukakubali kwamba nchi zinazopokea mizigo mingi zijipangie viwango vyao wenyewe. Marekani ikaanza Julai 2020. Na posta inayoitwa ya bure, kwa vyovyote, imelipwa na mtu fulani; mara nyingi ni mnunuzi mwenyewe, ndani ya bei.

Wala tusidhani kwamba mateso haya ni ya visiwa vyetu pekee. Wenyeji wa visiwa vya Orkney, Shetland na Hebrides, huko Scotland, wamelalamika kwa miaka mingi kwamba kampuni binafsi huwatoza nyongeza, au hukataa kabisa kuwafikishia mizigo, ilhali posta ya Uingereza imeshikilia tangu 1840 kwamba barua hulipiwa sawa iende mbali au karibu. Tangu Juni 2014 sheria za huko zinamtaka mfanyabiashara ataje gharama ya kufikisha mzigo kabla mnunuzi hajafungwa na ununuzi. Sheria hizo hazimgusi mtu binafsi anayeuza vitu vya nyumbani kwake, na mtu aliyeko Wete hawezi kwenda kushitaki mahakamani Edinburgh kwa ajili ya pauni nane. Hata hivyo, wazo lililomo ndani yake ndilo tunalolitetea: bei ya kukifikisha kitu ijulikane kabla ya mnada kufungwa, si baada yake.

Kwa hilo wanunuzi wetu nao wana lawama yao. Wapo wanaopandisha bei usiku wa manane kwa pupa ya kushinda, bila ya kumwuliza muuzaji posta ya kuja huku ni kiasi gani, kisha asubuhi wakampa alama mbaya kwa gharama aliyokuwa ameiandika wazi. Wapo wanaonunua vitu vinne kwa mtu mmoja wasimwombe avifunge pamoja. Swali la mstari mmoja, likiulizwa siku mbili kabla ya mnada kwisha, hubaki katika maandishi, na muuzaji aliyekwisha kujibu kwa maandishi ni vigumu kugeuka.

Lakini mwananchi hawezi kuuliza asilolijua, na hapa tunawageukia wakuu. Mtu akiisha kumlipa muuzaji, bado hajui kitakachomkuta dirishani atakapokwenda kuchukua kifurushi. Huenda upo ushuru wa forodha, huenda ipo kodi, huenda ipo ada ya posta ya kukipeleka kifurushi mbele ya afisa wa forodha. Akidaiwa fedha asizozitarajia humlaani muuzaji aliyeko maelfu ya maili, ambaye katika hizo hakuchukua hata senti. Tunaamini kwamba sehemu ya ugomvi huu ingekwisha iwapo kila malipo ya dirishani yangeandikwa mbali mbali katika risiti, ushuru peke yake na ada peke yake, kwa Kiswahili.

Tunaiomba Posta itoe jedwali moja la kurasa mbili: malipo ya mpokeaji, uzito wa juu unaoruhusiwa, ambao kwa vifurushi vidogo ni kilo mbili, na namna sahihi ya kuandika anwani ya Unguja na ya Pemba ili muuzaji wa ng'ambo asikisie. Tunaiomba pia tume inayosimamia ushindani halali wa biashara hapa Zanzibar iyapokee malalamiko ya namna hii hata pale muuzaji yuko nje ya uwezo wake, walau ijulikane ni mangapi na yanatoka wapi. Gharama ya jedwali hilo ni karatasi na wino. Likibandikwa Kijangwani, Chake Chake, Wete na Mkoani, sisi tutalichapa katika ukurasa huu bila malipo.